Kizuizi Kisichopigwa Nyundo

Karatasi yenyewe ilikuwa imekunjwa mara nne, na Obwocha, mtunza funguo wa kanisa Katoliki la Gesima, aliitoa katika mfuko wa shati kama mtu anayerudisha kitu alichokiazima. Sheryl Akong'o aliisoma akiwa bado mlangoni.

"Nimekabidhi kizuizi cha mbao cha roshani ya kwaya. Kazi imekamilika. Alhamisi, tarehe 5 Juni. Alfayo Nyangau, fundi." Chini yake palikuwa na sahihi ya Obwocha mwenyewe.

"Alhamisi," Sheryl alisema.

"Alhamisi, madam. Hiyo ndio siku."

Sheryl alitabasamu, na tusimlaumu bado. Alikuwa mpelelezi wa madai wa kampuni moja ya bima mjini Kisii, na katika kazi yake karatasi moja nzuri huokoa wiki nzima ya kupanda na kushuka milima. Fundi Alfayo alikuwa amechukua bima ya dhima, ile ambayo fundi akikosea na kazi yake ikamwumiza mtu, kampuni humlipa aliyeumia. Malipo yake yalikuwa yameingia Ijumaa tarehe 6, saa sita kasoro robo mchana, na bima ikaanza dakika hiyo. Mkataba ulisema wazi katika kifungu cha tisa: kazi iliyokabidhiwa kabla ya bima kuanza haimo. Kizuizi kilichokabidhiwa Alhamisi kilikuwa kimeikosa bima kwa siku moja.

Jumapili yake, Pentekoste, kizuizi hicho kiling'oka askofu akiingia kutoa kipaimara. Jacinta Nyangate, mwalimu wa chekechea mwenye miaka ishirini na sita na sauti kubwa kuliko zote katika kwaya, alianguka nacho kutoka roshani hadi kwenye sakafu ya simiti. Alivunjika nyonga. Barua ya daktari ilikuwa ndani ya faili la Sheryl: apate upasuaji kabla ya wiki mbili kwisha, la sivyo hatatembea wima tena. Zilikuwa zimebaki siku nne, na familia yake, wachuma chai wa hapo hapo Gesima, haikuwa na uwezo wa kuulipia.

Sheryl alimwonea huruma msichana huyo kama anavyowaonea wote, yaani kwa sekunde kadhaa. Kisha akamwandikia bosi wake, Odoyo: "Imeisha. Kazi ni ya Alhamisi. Dai halisimami." Odoyo akajibu kwa kidole gumba.

"Wacha nipande nipige picha, nifunge faili," alimwambia Obwocha.

Ngazi za kwenda roshani zilikuwa imara, za saipresi iliyopigwa randa vizuri. Kila kidato kilikuwa na bolti mbili, vichwa vyake vimezamishwa ndani ya mbao, na kila nguzo ilikuwa na kialama kidogo cha duara mahali nyundo ilipogonga.

"Ngazi hizi alitengeneza nani?"

"Huyo huyo Alfayo. Mwezi wa tano."

Juu, kamba ya katani ilikuwa imefungwa mahali kizuizi kilipokuwa. Nguzo sita zilizoanguka zilikuwa zimerudishwa juu na kulazwa ukutani. Sheryl alichuchumaa, akaichukua ya kwanza. Ncha yake ya chini ilikuwa imechongwa ulimi wa kuingia kwenye tundu la sakafu, na ulimi huo ulikuwa umechongwa na mkono unaojua kazi. Ila haukuwa na shimo la bolti. Palikuwa na misalaba miwili midogo ya penseli, pale bolti zilipotakiwa kupita, basi. Aliichukua ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Misalaba kumi na miwili ya penseli, na hakuna hata mmoja uliotobolewa.

Aliziangalia nguzo kwa juu. Hazikuwa na alama ya nyundo, hata mkwaruzo.

Kilichomfanya akae chini kabisa, na sketi yake nzuri, ilikuwa glu. Katika miaka tisa ya kazi alikuwa ameshika viti vingi vilivyovunjika. Glu iliyokauka ikiachana huondoka na nyuzi za mbao, na mbao hubaki imechubuka. Hii haikuchubua kitu. Ilikuwa imevutika kama utomvu, kisha ikaja kukauka baadaye, imeachana tayari, ikiwa na vijiuzi vyembamba vilivyoning'inia kwenye ulimi. Ilipoachana ilikuwa bado mbichi. Sasa, hata kwa baridi ya Gesima, glu ya Alhamisi haiwezi kuwa mbichi Jumapili.

"Bwana Obwocha!" aliita. "Kwaya ilifanya mazoezi ya mwisho lini?"

"Ijumaa jioni," sauti ilitoka chini.

"Hapa juu?"

"Hapana, huku chini kwa madhabahu."

"Kwa nini chini, kama kizuizi kilikuwa tayari tangu Alhamisi?"

Sheryl alisikia funguo zikigeuzwa geuzwa mkononi.

"Kulikuwa na vumbi ya mbao huko juu," Obwocha alisema hatimaye. "Inaharibu sauti."

Wimbo uliingia dirishani. Watu kama ishirini walikuwa wakiimba mahali fulani jirani, na Sheryl, ambaye Ekegusii chake hakizidi salamu na bei ya ndizi, aliweza kuhesabu maneno moja baada ya jingine.

"Nani hao?"

"Wasabato. Wana maombi ya Jumatano. Kanisa lao liko hapo ng'ambo ya barabara."

"Wanawasikia ninyi pia?"

"Ah! Hao wanatusikia hata tukikohoa," alisema Obwocha, na mara uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekanyaga mahali asipotaka. Alipanda ngazi haraka haraka. "Madam, kama unatafuta mwenye makosa, enda Keumbu, uliza mtu anaitwa Nyasani. Alikuwa anafanya kazi na Alfayo, wakakosana. Mtu kama huyo anaweza kuja akachomoa bolti usiku."

"Bolti iliyochomolewa huacha shimo, Bwana Obwocha."

Mzee aliziangalia nguzo, akaangalia viatu vyake. Macho hakuyainua mpaka gari la Sheryl lilipoondoka.

*

Kwa Nyasani alikwenda, ingawa hakuamini. Mpelelezi anayefuata njia anayoipenda tu, huwa anafika alikotaka kufika, na hiyo si kazi. Pengine kuna mtu aliyebadilisha nguzo zenyewe.

Nyasani alikuwa akitengeneza vitanda kando ya barabara pale Keumbu, chini ya mabati manne. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, na alijibu swali la kwanza kabla halijaisha.

"Wamekuambia nina chuki."

"Unayo?"

"Nilikuwa nayo. Imechoka." Alisugua mikono. "Nilifanya kazi kwa Alfayo miaka kumi na moja. Halafu mtoto wa jirani akafa Ijumaa usiku, na walitaka kuzika Jumapili mapema. Nikatengeneza jeneza Sabato asubuhi, hapo nyuma ya nyumba. Jeneza dogo, madam, urefu wa mkono. Alfayo ni mzee wa kanisa letu la Kisabato. Akasoma jina langu mbele ya watu wote, nikatolewa ushirika."

Sheryl alimwonyesha picha katika simu. Nyasani aliinamia simu akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Ni nguzo zake? Hakuna aliyebadilisha?"

"Ni zake. Huu ulimi hakuna mwingine anakata hivi Kisii yote. Lakini bolti ziko wapi?"

"Nilitaka kukuuliza."

"Hapana, haiwezekani." Alicheka kidogo. "Huyu mzee? Glu ni ya kushikilia tu, mzigo unabebwa na bolti. Nikisahau moja alikuwa ananichapa na rula, mimi mtu mzima na watoto. Na hakuna mahali amegonga. Sasa hii aliingiza na nini, na kiganja? Mtu anaweza kufanya hivi tu kama hataki..."

Sheryl aliuona uso wake ukilifikia jibu, na ulipolifikia, Nyasani alimrudishia simu polepole.

"Kama hataki nini?"

"Sijui."

"Unajua, Bwana Nyasani. Umejua sasa hivi."

"Madam, mimi nilisimama mbele ya kanisa jina langu likisomwa. Mke wangu alikuwa ameketi hapo, na watoto. Kuna joto linaingia kwa masikio, haliishi hata ukilala. Siwezi kupeleka mtu huko, hata yeye." Alichukua msumeno wake. "Uliza hiyo mbao. Mimi usiniulize."

Sheryl alirudi ndani ya gari lake, asiwashe. Jambo moja lilikuwa linamsumbua tangu Gesima, na sasa lilisimama mbele yake wazi. Alikuwa amekutana na waongo wa kila aina: waliochoma maduka yao, waliovunja miguu ya ng'ombe wao, waliozika ndugu walio hai. Wote uongo wao ulikuwa unakimbilia malipo. Uongo wa Alfayo ulikuwa unayakimbia. Angesema Jumamosi tu, kampuni ingelipa. Mtu huyo alikuwa anang'ang'ania siku ambayo ingemwangamiza yeye na msichana wa watu.

Na yeye Sheryl alikuwa ameipokea siku hiyo kwa tabasamu, akaituma Kisii. Alijisikia vibaya, vibaya kweli, kama mtu aliyeokota pochi akaanza kutumia kabla ya kutazama jina lililomo.

*

Karakana ya Alfayo Nyangau ilikuwa nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka migombani. Mzee mwenyewe alikuwa na miaka sitini na mmoja, mrefu, mpole wa sauti. Alimkaribisha Sheryl kwenye kiti ambacho hakikuwa na mlio hata mmoja. Mkewe, Emily, alileta chai ya maziwa na ndizi zilizochemshwa, akaketi karibu na mlango. Sheryl alikula, kwa sababu kukataa chakula cha mama wa Kikisii ni kutafuta ugomvi, na kila tonge lilikuwa zito maana alijua alichokuja kufanya.

"Pole na safari, mwanangu," Alfayo alisema. "Nilishaandika kila kitu. Ilikuwa Alhamisi."

"Asante, Mzee. Ni utaratibu tu. Alhamisi hiyo ulifunga kizuizi saa ngapi?"

"Mchana. Saa nane hivi."

"Umeme ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Kwa hiyo ulitumia drili."

"Ndiyo."

"Kutoboa nini?"

Alfayo alikunywa chai. "Mashimo ya bolti."

Sheryl aliweka simu mezani, ile picha ya misalaba ya penseli ikiwa juu. "Hakuna shimo hata moja, Mzee."

Emily alisogea kwenye kiti chake. Alfayo hakuiangalia picha.

"Tuache hiyo," Sheryl aliendelea. "Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Kisii mjini, kwa ofisi yenu. Kuna shule ilitaka vitanda, wakasema bila cheti cha bima hawapokei fundi. Nililipa kabla ya saa sita, lakini cheti kilichelewa. Nilingoja mpaka saa kumi na moja. Watu wengi waliniona."

"Najua. Ndiyo sababu hukuweza kuandika Ijumaa."

Mzee aliinua macho.

"Nitakueleza nilivyoelewa, na nikikosea unirekebishe," alisema Sheryl. "Mbao ulizipeleka Gesima Alhamisi, hilo ni kweli. Ulipanga kuzifunga Ijumaa, lakini sisi tukakuchelewesha. Ulipotoka ofisini kwetu jua lilikuwa linaelekea kuzama, na Sabato inaingia jua likizama. Askofu alikuwa anakuja Jumapili. Nadhani watu wa kanisa lile walikuambia kwaya lazima ikae juu."

"Walisema nisipomaliza watatafuta fundi mwingine, na hata ngazi hawatanilipa," Alfayo alisema chini chini, halafu akafunga mdomo kama aliyeuma ulimi.

"Kwa hiyo ulikwenda Jumamosi."

"Hapana."

"Glu ilikuwa mbichi Jumapili saa nne. Kwaya iliimbia chini Ijumaa. Lakini hayo yote ningeweza kuyapata kwa mtu yeyote mwongo, Mzee. Kilichonileta kwako ni nyundo. Fundi anayezamisha kila bolti kichwa kisionekane, anajenga kizuizi cha watu kuegemea bila kutoboa, bila kugonga hata mara moja. Nilikaa pale juu nikasikia maombi ya Wasabato ng'ambo ya barabara, neno kwa neno. Nikajua kwamba wao pia wanasikia kila kitu. Wanakufahamu hapo?"

Emily ndiye aliyejibu, akiangalia nje.

"Alihubiri kwenye mikutano yao ya makambi mwaka jana. Siku tatu."

"Drili ingelia, wangetoka kuangalia," Sheryl alisema. "Ulifanya kazi ile kimya kimya. Ulisukuma nguzo kwa mikono, ukazishika kwa glu peke yake, ukatia tarehe ya Alhamisi kwenye karatasi ili Sabato isionekane popote. Ulipanga kurudi na bolti. Lini? Jumapili jioni?"

Mkono wa mzee ulikuwa juu ya randa iliyokuwa mezani, na kidole gumba kilikuwa kinapapasa ubapa wake, kinakwenda na kurudi.

"Andika Alhamisi," alisema.

"Nikiandika Alhamisi, Jacinta hapati kitu."

"Nitamlipia mimi. Nitauza shamba."

"Shamba lipi?" Emily aligeuka. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini Sheryl aliweka kikombe chini. "Lile la kaburi la mama yako? Nani atanunua, na atalipa kabla ya siku nne? Baba Kemunto, acha. Nimenyamaza vya kutosha."

"Emily."

"Ile koti ya Sabato ilikuwa na glu kwa mkono. Niliitoa na kucha, siku tatu. Nilijua siku ile ile. Na wazee wa kanisa wakaja hapa kuuliza hali ya yule mgonjwa wa Nyamarambe uliyewaambia umeenda kumwombea. Unajua niliwajibu nini? Niliwaambia anaendelea vizuri." Alicheka kicheko kibaya. "Mgonjwa ambaye hayuko, mimi ndio nikamponya. Wakapiga magoti hapo ulipoweka kiti cha mgeni, wakamshukuru Mungu. Na mimi nikasema amina."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na huyu mama alikuwa ameiosha siku kumi na moja bila kumwambia mtu. Alfayo alimtazama mkewe kana kwamba ni mara ya kwanza kumwona akiwa chumbani humo. Haya ilimpanda kutoka shingoni, ikafika masikioni, na mzee yule mrefu alionekana mfupi.

"Hukuniambia kwamba unajua."

"Ningekuambiaje? Sisi tuna chinsoni, tunaoneana haya. Mke anaanzaje kumwaibisha mume wake?"

Ilikuwa zamu ya Alfayo kuzungumza. Alipoanza, aliiambia meza.

"Mimi ndio nilisoma jina la Nyasani. Baraza lilitaka tumwonye tu. Mimi ndio nilisema hapana, Sabato haiangalii hata kifo. Nililisoma na sauti kubwa. Sasa mimi, si kwa sababu ya mtoto aliyekufa, kwa sababu ya kazi tu..." Alipangusa mdomo. "Obwocha alinifungia ndani na kufuli, asubuhi. Kila nguzo nilikuwa naisukuma wakati wao wanaimba, ili hata mbao isilie. Nikamwambia, Obwocha, waambie kwaya wasiegemee mpaka nirudi. Lakini akiwaambia, watamuuliza ni kwa nini. Hakuwaambia. Na mimi nilijua hatawaambia, mwanangu. Nilijua nikienda."

Sheryl aliacha kuandika. Alikuwa na maswali mengine matatu katika daftari, na hakuliona hata moja ambalo bado lilikuwa na kazi.

"Kampuni itakataa kwa sababu nilifanya vibaya," Alfayo alisema.

"Mzee, bima hii haikutengenezwa kwa ajili ya mafundi wasiokosea. Hao hawaihitaji. Kazi ya Jumamosi imo. Watanung'unika, lakini imo, na nikituma taarifa yako leo, hospitali inapata barua yetu kesho. Ila lazima wewe useme, utie sahihi. Obwocha hatasema mpaka wewe useme kwanza."

"Nani ataisoma?"

"Bosi wangu. Wakili. Ikifika mahakamani, watu zaidi."

"Na kanisani?"

"Mimi sina kazi ya kuipeleka huko."

"Hapana," alisema Alfayo. "Hiyo ni kazi yangu. Nitasimama Jumamosi hii." Akavuta pumzi. "Andika."

Aliandika. Taarifa ya mteja huandikwa kwa maneno ya mteja mwenyewe, na Sheryl alimsomea kila sentensi, akaitikia kwa kichwa. Walipofika penye swali lililochapwa kwenye fomu, "Sababu ya kutokamilisha kazi kwa viwango", Sheryl alisita.

"Niweke nini hapa?"

"Weka niliona haya."

"Wataniuliza kama ni sababu ya kiufundi."

"Ndiyo hiyo. Hakuna nyingine."

Alitia sahihi kwa herufi zilizonyooka. Sheryl alipiga picha ukurasa, akautuma kwa Odoyo na maneno machache: "Nilikosea asubuhi. Ni Jumamosi. Tunalipa." Safari hii Odoyo alipiga simu badala ya kutuma kidole, akafoka, akauliza maswali, na mwishowe akasema sawa.

Alfayo alisubiri amalize. "Nipe namba ya Jacinta."

"Mzee, hapana. Kuna kifungu cha kumi na nne. Mteja asikiri kosa kwa aliyeumia bila ruhusa ya kampuni. Ukikiri leo kabla hawajaidhinisha, wakili wetu ana mlango wa kukataa kulipa, na yeye hupenda milango. Subiri mpaka Ijumaa."

"Nataka kumjulia hali tu. Siku kumi sijampigia. Naweza kumsalimia?"

Kusalimia hakukatazwi na kifungu chochote. Sheryl alimsomea namba kutoka kwenye faili, na Alfayo, ambaye masikio yake yalikuwa yameharibiwa na mashine za mbao, aliweka sauti ya simu juu. Iliita mara mbili.

"Mwalimu Jacinta? Ni Alfayo, yule fundi wa..."

"Mzee!" Sauti iliyotoka ilikuwa changa na ya haraka. "Mzee Alfayo, mimi ndio nilifaa kukupigia. Nimeogopa kila siku. Tafadhali nisamehe."

"Nikusamehe?"

"Kwa kazi yako. Wamekuja hapa kina mama wa kwaya, wanasema ni uzito wangu, kwamba wengine walisimama hapo na hakuna kitu kilifanyika. Na ni kweli niliegemea, Mzee. Nilitaka kumwona askofu. Nimewaaibisha mbele yake, nimeharibu jina lako, watu wanasema hujui kazi. Nilimwambia mama asiwasumbue watu wa bima, kwa sababu kosa ni langu. Sili jioni sasa. Nikitoka hapa nitakuwa nimepungua."

Emily alikuwa amejifunika uso kwa leso. Alfayo alikuwa amefungua mdomo, na macho yake, yaliyojaa maji, yalikuwa kwa Sheryl, yanamwomba ruhusa.

Ruhusa Sheryl hakuwa nayo. Kazi aliyoapa kuifanya ilimtaka anyooshe mkono akate simu ile. Alifunika kalamu yake, akachukua faili na mkoba, akatoka. Alipita kwenye rundo la mbao, akapita migomba ya kwanza na ya pili, mpaka mahali ambapo sauti ya mzee ilikuwa imebaki mngurumo usio na maneno. Hapo akasimama, akawapa mgongo.

Alikaa hivyo muda mrefu. Nyuma yake majani makavu ya mgomba yalilia, na Emily akaja akasimama kando yake, leso mkononi.

"Amemwambia," Emily alisema. "Amemwambia yote. Wanalia wote wawili."

Sheryl aliendelea kutazama shamba la jirani.

"Mimi sijasikia kitu, mama," alisema.